Bilauri Sita za Mama Mbombo

Mimi huvunja vitu nikitazamwa. Nikiwa peke yangu jikoni naweza kuosha vyombo vya harusi nzima huku naimba, na hakuna sahani itakayopata hata alama. Lakini mtu akiingia na kuniangalia tu, mikono yangu inakuwa ya mtu mwingine, tena mtu asiyenipenda. Siku ya komunyo ya kwanza niliangusha chupa ndogo ya divai ya padri. Siku ya matanga ya nyanya niliangusha sinia ya chai katikati ya sala, watu wakasema marehemu amejibu. Na siku Gracien Banza alipokuja kwetu mara ya kwanza, akisema amekuja kumwona baba kwa habari ya kazi, nilimletea maji katika bilauri ya mwisho iliyobaki nyumbani. Aliinua macho akanitazama. Basi.

Gracien hakucheka. Alipiga magoti, akaokota vipande pamoja nami, akasema polepole, "Haina mambo, Agnès. Kiu yenyewe ilikuwa kidogo."

Nadhani ni hapo nilipompenda.

Taabu ilianza aliposema sasa atatuma watu wake. Kwetu binti haulizwi kwa mdomo kama anamtaka mwanamume. Siku wakwe wanapoleta vitu vyao, binti anachota maji, anavuka chumba mbele ya watu wote, na kuyatia mkononi mwa mkubwa wa wageni. Mkubwa akinywa, mambo yamekwisha: binti amekubali, na wazee walio chini ya ardhi wamekubali pia. Chombo kikivunjika njiani, wageni wanabeba vitu vyao na kwenda zao, na hakuna ruhusa ya kurudi mpaka mahindi ya mwaka mwingine yavunwe. Zamani chombo kilikuwa kibuyu, na kibuyu hakina taabu. Lakini wazee wetu walipohamia karibu na misheni walichukua bilauri, ili maji yaonekane, mtu asifiche kitu ndani. Tangu hapo ndoa zetu ziko mikononi mwa wasichana wanaotetemeka.

Na mwaka ule wa 1993 hakuna aliyeweza kungoja mahindi ya mwaka mwingine. Mashine za shaba za Kolwezi zilikuwa zinazimika moja baada ya nyingine. Gracien, fundi wa umeme, aliambiwa akae nyumbani mpaka aitwe, na hakuna aliyemwita. Mjomba wake alikuwa amempa shamba la mihogo huko Sandoa. Angeondoka baada ya Jumapili ya wakwe, pamoja nami au peke yake.

"Na basichana ba Sandoa," mama aliniambia ili kunitia moyo, "beko na mikono mizuri sana. Hawaangushe kitu."

Mama alifunga kitambaa kichwani kama mtu anayekwenda kwenye kesi. "Simama. Tunaenda ku soko. Tunatafuta vere yenye haivunjike."

Sisi bilauri tunaiita vere.

Tulikwenda kwa miguu mpaka sokoni Manika. Siku zile soko la Manika lilikuwa na kila kitu ambacho juzi kilikuwa ndani ya nyumba ya mtu. Watu wa Kasai walikuwa wameambiwa wapande treni warudi kwao, hata wale waliozaliwa hospitali moja nami, ambao Kasai hawakuijua ila kwa jina. Basi walikuwa wanauza. Vitanda vilisimama wima barabarani, cherehani zilipangwa kama watoto wa shule, na picha za harusi ziliuzwa kwa ajili ya fremu, maharusi wenyewe wakiwa bado ndani wanacheka. Mama alipita katikati ya vitu vile akitazama mawingu.

Bilauri zilikuwepo, lakini zilikuwa za siku kuu, nyembamba, zenye mstari wa dhahabu. Mama aligonga moja kwa ukucha. "Hii ni ganda ya yai," akasema, akaendelea.

Tukafika kwenye meza ya Feruzi, mfanyabiashara mwenye kofia nyeupe ambaye baba yake alitoka Kindu. Mezani pake kulikuwa na bilauri nene za kijani na za kahawia, alizozitengeneza mwenyewe kwa kukata chupa za bia.

"Karibu, mama. Unatafuta vere ya siku kuu ao ya kila siku?"

"Ya kila siku. Yenye nguvu. Ya mutu mwenye kutetemeka."

Feruzi akanigeukia. Mimi nilikuwa natazama vidole vya miguu yangu. "Ni huyu?"

"Ni huyu."

"Kamata, mwana yangu." Akanipa bilauri moja ya kijani, akakunja mikono, akanitazama. Bilauri ikaanguka. Kwa bahati iliangukia gunia la vitunguu.

"Ee," akasema Feruzi. "Ni huyu kweli."

Akatueleza kazi yake. Unafunga kamba yenye mafuta ya taa kwenye chupa, unaiwasha, halafu unatumbukiza chupa katika maji baridi, na inajikata yenyewe, pa! Kisha unasugua mdomo wake juu ya jiwe. Mama alipitisha kidole kwenye mdomo wa bilauri, akakirudisha haraka na kukinyonya.

"Feruzi, vere yako iko na meno."

"Iko na meno kidogo. Mutu anakunywa na heshima. Haraka, hapana."

"Bakwe bangu bakunywe batoke damu?"

"Mama, mi niko muislamu. Siwezi kukudanganya siku ya Ijumaa."

"Leo ni Jumatano."

"Kumbe! Basi ni vere nzuri sana, bakwe batafurahi."

Mama alicheka bila kupenda. Feruzi akafurahi, akafunga ile ya kijani katika gazeti akanipa bure. "Hii si ya bakwe. Ni ya kusimamisha mushumaa. Lakini ngoja, mama. Vere yenye unatafuta ninaijua. Ile ya kantini ya kampuni, yenye tako nene. Wakati kantini ilifungwa, bapishi baligawiwa byombo. Na mupishi wa kantini si ni jirani yenu, Mama Mbombo?"

Mama akawa ghafla na haraka ya kurudi nyumbani. Alijua. Nyumba nzima tulijua. Tulikwenda mpaka Manika kwa miguu ili tusijue.

Mama Mbombo na mumewe, Tata Kabeya, walikaa lupango ya pili, yaani ua wa pili, kutoka kwetu tangu sijazaliwa. Baba na Tata Kabeya walifanya kazi katika karakana moja. Wao ni watu wa Kasai, na wiki ile walikuwa wanafunga mizigo. Mama alikuwa hajapita kwao tangu habari ilipotoka. Alisema ana kazi nyingi.

Hatujafika mlangoni kwetu, sauti ikatoka nyuma ya ua wa matete.

"Mama Agnès! Unaenda mpaka Manika kutafuta vere, na miye niko hapa nafunga bitu? Umeanza kuniogopa?"

Mama alisimama. "Si woga, Mbombo. Ni haya."

"Haya utaiweka wapi? Kuya ndani. Haya yenu siye hatuibebe, treni itajaa."

Tukaingia. Mtu alikuwa ameandika kwa makaa mlangoni pao kwamba waondoke. Mama Mbombo alikuwa amefuta maneno yote isipokuwa la kwanza, lililokuwa juu asikoweza kufika.

"Mwenye kuandika eko murefu," akasema alipoona natazama. "Nikimujua, nitamuomba akuje kumalizia kufuta."

Ndani vitu vilifungwa katika mashuka, na mafundo yao yalisimama kama masikio. Mama Mbombo alifungua moja, akatoa bilauri. Ilikuwa fupi, nyeupe safi, yenye tako nene kama jiwe. Aliiinua juu ya saruji akaiachia.

Mama akapiga kelele. Bilauri ikasema *tii*, ikaruka, ikasema *tii* tena, ikabingirika mpaka chini ya kitanda.

"Umeona?" Mama Mbombo aliifuata kwa magoti. "Hii vere ni sawa siye Bakasai. Munatutupa chini, tunaruka."

Mama alicheka, halafu akaacha kucheka, halafu akafuta macho kwa pembe ya kitenge. Mama Mbombo akampiga begani. "Acha kulia mu nyumba yangu. Nimeshafagia. Sema: unataka ngapi? Niko nazo sita."

"Sita yote. Unataka nini?"

"Sanduku."

Mwaka ule watu waliuza kila kitu isipokuwa sanduku. Na Mama Mbombo alijua, kwa sababu alikuwepo siku linanunuliwa, kwamba sisi tuna sanduku la chuma la buluu, lenye maua mekundu kwenye kifuniko na kufuli la kweli. Lilikuwa sanduku langu la harusi. Mama alinitazama. Nilitazama mashuka yale yenye masikio, nikamwona Mama Mbombo akiyaburuta katika vumbi la stesheni, nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Kutikisa kichwa naweza.

"Mwana wa akili," akasema Mama Mbombo. "Sasa kamata vere."

Nikaishika.

"Angusha."

Nikashangaa. Maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuniambia niangushe. Na kwa kuwa niliambiwa, mikono ilikataa, ikaibana bilauri kama kucha za kuku.

"Angusha, Agnès! Ao hiyo nayo haujue?"

Nikaachia. *Tii*. Ikaruka. "Umeona? Haikufa. Na weye haukufa. Angusha tena." Tukakaa pale, mimi naangusha na yeye anaokota, mpaka mama akasema inatosha, saruji itachoka.

"Sikia," Mama Mbombo akaniambia mwishoni. "Ku kantini nilipakulia bantu mia, na bote balikuwa bananitazama. Unajua nilifanya nini? Sikutazama mikono yangu. Nilitazama mwenye njaa. Mutu mwenye njaa hana wakati wa kukuhukumu. Siku ya bakwe, tafuta mwenye kiu, umutazame yeye."

Siku Mama Mbombo na mumewe walipoondoka, baba alileta mkokoteni. Sanduku la buluu liliwekwa juu, baba na Tata Kabeya wakagombana njia nzima nani asukume.

"Kisimba, unasukuma sawa mutu wa kulewa," Tata Kabeya akamwambia baba.

"Ni gurudumu yenye kulewa. Weye ulinifundisha kazi, lakini kusukuma nilizaliwa nayo."

Waliongea hivyo mpaka stesheni, kwa sauti kubwa, ili wasiongee mambo mengine. Stesheni ilijaa watu, masufuria, kuku, na cherehani ambazo hazikupata wanunuzi. Treni haikuwepo, ingekuja siku itakayotaka. Tulimwacha Mama Mbombo amekaa juu ya sanduku langu, mgongo wima, kama mwenye treni yake.

Sasa nyumbani tulikuwa na bilauri sita zisizovunjika, na hapo ndipo baba alipoharibika.

Baba ni fundi. Anaamini chuma hakijulikani bila nyundo. Jioni ya kwanza aliangusha bilauri moja mbele ya mwalimu wa dini aliyekuja kusalimu. *Tii*. Mwalimu wa dini akasema ni jambo la ajabu, akaomba kujaribu, akajaribu. *Tii*. Kesho yake alirudi na mkewe. Mkewe alikuwa na shaka, akapanda juu ya kiti. Bilauri ikaruka, ikagonga mguu wa meza kwa ubavu, ikawa chumvi. Haikuvunjika vipande kama bilauri za watu. Ilimwagika, punje punje.

"Ni mguu wa meza," akasema baba. "Chini peke yake, haivunjike."

Habari ikaenea barabara yetu yote. Mwaka ule hapakuwa na habari nyingi za kuchekesha, na watu walitembea kutoka mbali. Kila aliyekuja hakuamini, na kila asiyeamini alilazimika kujaribu. Mmoja alizigonga mbili pamoja asikie sauti yake, akaisikia, na zote mbili zikamwagika. Baba mwenyewe alipiga moja kwa kijiko kuonyesha pahali pa nguvu, kumbe hapakuwa hapo. Nyingine ilipasuka yenyewe ndani ya kabati, mchana, bila mtu kuigusa, na baba akamshitaki mbuzi wetu, ingawa mbuzi alikuwa amefungwa nje.

"Kisimba!" mama akalia. "Umekuwa adui wa mwana yako?"

"Najaribu bitu kwanza. Unataka ipasuke mbele ya bakwe?"

"Sasa imebaki moja!"

"Ndio ile yenye nguvu," akasema baba.

Mama alichukua ile moja, akaizika ndani ya unga wa mahindi, akalalia gunia.

Jumapili wakwe walifika. Mbele yao alitembea dada mkubwa wa baba yake Gracien, jina lake Kalumba. Dada wa baba sisi tunamwita tata mwanamuke, kwa kuwa ni baba kamili, amekosa ndevu tu. Na huyu alikuwa nazo kidogo. Alitoka Fungurume juu ya lori la makaa, kwa kuwa treni zilikuwa za wengine siku zile. Uso wake ulikuwa mweusi wa vumbi, midomo ilikauka ikapasuka, na kila neno lake lilianza kwa kikohozi. Na mkubwa wa wageni hanywi maji ya nyumba kabla ya maji ya binti. Alikaa kwenye kiti cha baba akameza mate yasiyokuwepo.

Vitu vilipangwa: mbuzi, jembe, vitenge, chumvi. Gracien alikaa karibu na mlango, viatu vyake vimepakwa rangi, na nyuma yake niliona mfuko wake wa safari ya Sandoa. Nilikuwa jikoni, nachungulia. Kila kitu kilikwenda vizuri. Mama alikuwa tayari kuniita.

Lakini baba hakuweza kujizuia.

"Tata mwanamuke," akasema, "leo usiogope kitu. Vere yetu haivunjike."

Mama alifumba macho.

"Unasema nini, Kisimba?"

"Haivunjike. Hata uitupe. Tumejaribu."

Tata mwanamuke alikohoa kwa muda mrefu. "Haivunjike," akasema. "Sasa itasema nini?"

"Namna gani?"

"Bazee ba chini ya udongo batasema na nini? Vere ikifika nzima, wamekubali. Ikipasuka, wamekataa. Weye unaleta yenye haiwezi kupasuka. Umefunga bazee kinywa!"

Hakuna aliyewahi kufikiri hivyo, na sasa kila mtu alifikiri hivyo.

Mama akaruka. "Inapasuka, tata mwanamuke! Zilikuwa sita, imebaki moja tu!"

"Haipasuke!" akasema baba, ameudhika. "Zile zingine zilikuwa ajali."

"Inapasuka vizuri sana!"

"Mwanamuke, usitukane vere yangu mbele ya bantu!"

"Ileteni hapa," akasema tata mwanamuke.

Mama aliipangusa unga, akampa. Tata mwanamuke aliigeuza kwenye mwanga, akaiinua, akaiachia. *Tii*. Ikabingirika mpaka kwenye kiatu cha Gracien. Gracien akairudisha kwa mikono miwili. Tata mwanamuke akasimama, akaiangusha kutoka juu zaidi. *Tii*. Akapanda kwenye kigoda, mwili wake wote, wajomba wawili wakimshika. *Tii, tii, tii*. Baba alisahau ni siku gani, akapiga makofi.

"Hii si shahidi," tata mwanamuke akasema akiteremka. "Shahidi ni mwenye anaweza kusema hapana. Leteni ingine."

Hatukuwa na nyingine. Mama alileta ile ya kijani ya Feruzi, mshumaa ukiwa bado ndani. Tata mwanamuke alipitisha kidole kwenye mdomo wake, akakitazama. "Hii inataka damu. Haiko mambo ya leo." Akaiweka pembeni. "Basi. Kama haiko vere, binti aseme na kinywa yake mbele ya bote. Ao tubebe bitu yetu."

Waliniita.

Nilisimama katikati ya chumba. Macho yote yalikuja juu yangu, ya wajomba, ya majirani dirishani, ya mbuzi. Mikono ilianza. Na mdomo wangu ndio ulikuwa mbaya kuliko vyote, kwa sababu mikono walau inajua kuangusha. Mdomo haukujua kitu. Gracien hakunitazama. Alitazama sakafu, kwa huruma, ili macho yapungue mawili.

Mjomba mmoja alishika kamba ya mbuzi.

Kisha tata mwanamuke akakohoa. Kikohozi kile kilitoka mbali, kutoka Fungurume, kikapita katika makaa yote ya njiani. Nikamtazama. Midomo yake ilikuwa nyeupe katikati ya weusi ule. Macho yake hayakuwa juu yangu hata kidogo. Yalikuwa juu ya mtungi wetu, ulio kwenye kona, wenye jasho la ubaridi.

Mwenye kiu.

Niliokota bilauri ya Mama Mbombo. Niliisuuza, nikachota, nikaijaza mpaka juu, nikavuka chumba. Sijui mikono ilikuwa wapi, sikuiona.

"Tata mwanamuke," nikasema, na sauti ilikuwa kubwa kuliko nilivyoagiza, "kunywa kwanza. Utakufa hapa na kiu, halafu batasema ni miye nilikuua."

Mtu alicheka dirishani. Tata mwanamuke alipokea bilauri, akanitazama kwa mshangao.

"Kumbe eko na sauti!"

"Niko nayo. Na namutaka Gracien. Ikipasuka namutaka, isipopasuka namutaka. Sandoa nitaenda. Mihogo nitalima. Kunywa."

Akanywa. Aliyanywa maji yale yote bila kupumzika, akivuta pumzi kwa pua, na koo lake lilifanya kazi kama pampu ya mgodi. Alipomaliza alifumba macho. Kisha, polepole, kama mtu anayeweka yai, akaiweka bilauri juu ya meza, akaondoa mkono.

Bilauri ikasema *pa!*

Hakuna aliyeigusa. Ilikuwa imesimama, mara ikawa chungu ndogo ya chumvi juu ya kitambaa cha meza.

Mwishowe yule mjomba wa kamba akauliza taratibu, "Sasa hii ni nini? Turudishe mbuzi?"

Tata mwanamuke alitazama ile chumvi. Alitazama mlango, na ng'ambo ya mlango, njia ya Fungurume na lori la makaa. Akaweka kiganja juu ya tumbo lake.

"Maji iko wapi?"

"Mu tumbo yako, tata mwanamuke," akasema Gracien haraka.

"Ilifika mbele ya kupasuka ao nyuma?"

"Mbele!" wakasema watu wote, hata walio dirishani.

"Basi ndio vile. Imeshafika. Kama bazee banataka kuirudisha, bakuje baichukue humu ndani." Akasogeza kiti. "Na mushumaa mutoe mu ile ya kijani. Niko na kiu bado."

Akanywa katika bilauri ya Feruzi, polepole, kwa heshima kubwa.

Nyumba ilijaa kelele. Baba alimweleza kila mtu kwamba ni meza. Mama peke yake hakucheka. Alikuwa anakusanya punje zile kwa kiganja, moja moja.

"Bameiangusha, bameiangusha, ikavumilia," akasema, nadhani kwangu. "Inapasuka wakati wa kuwekwa muzuri."

Alikuwa anatazama kupitia dirishani, upande wa ua wa matete.

Kesho yake asubuhi, kabla ya lori la Sandoa kuja, nilichukua kigoda, ndoo na kitambaa, nikaenda mpaka mlango wa Mama Mbombo. Lile neno la makaa lilikuwa bado juu pale. Mlango mmoja wa jirani ulifunguka, halafu mwingine. Watu walitoka wakasimama barabarani, mikono nyuma.

"Agnès!" mtu akaita. "Unafanya nini pale? Nani alikutuma?"

"Hakuna," nikasema, na nikaendelea kusugua. Neno lilikuwa refu na makaa yaliingia sana katika mbao, lakini lilitoka, herufi kwa herufi, na mikono yangu ilikuwa yangu mpaka herufi ya mwisho.

Nilianguka baadaye tu, nilipogeuka kuteremka nikaona barabara nzima inanitazama.